Mgonjwa naye ana zamu yake wodini

Mhariri,

Sisi wauguzi na wakunga wa wodi tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Magazeti yetu hayakosi malalamiko ya wagonjwa na ndugu zao juu ya hospitali: foleni, lugha ya baadhi ya wahudumu, dawa kukosekana. Mengi yana ukweli na hatuji kuyapinga. Tunaandika juu ya upande usiosemwa sana, yaani yale ambayo mgonjwa aliyelazwa na ndugu anayemuuguza wanatakiwa kuyafanya, na kinachoharibika wasipoyafanya.

Hospitali nyingi za umma zimebandika mapokezi mkataba wa huduma kwa mteja. Juu zimeandikwa haki, chini wajibu: toa taarifa sahihi, fuata maelekezo ya matibabu, heshimu watumishi, tunza mali za hospitali. Maneno ni machache mno, na anayeyasoma anaona kama anafundishwa adabu za ugenini. Hapaelezwi taarifa gani, apewe nani, wala namna ambavyo kumwaga mkojo chooni kunaweza kumkosesha mgonjwa dozi. Matokeo yake watu wanadhani wajibu wao ni kunyamaza na kutotema mate sakafuni. Wajibu ulio mkubwa zaidi ni kusema.

Siku ya kulazwa ndiyo siku ya kusema yote. Daktari akiuliza unatumia dawa gani, jibu la kawaida ni "za presha". Dawa za presha ni za aina nyingi, na nyingine hazipatani na atakazokuandikia. Njoo na mfuko mzima: pakiti, chupa, hata vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, pamoja na kadi zote za kliniki. Anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda, au aspirini ndogo ya kila siku, aseme kabla hajapangiwa upasuaji. Aliyezoea kununua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya magoti aitaje pia, kwa kuwa huumiza figo na tumbo, na si ajabu ikawa ndiyo iliyomleta hospitali.

Kadi ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, ndiyo inayofichwa kuliko zote, na hasara yake ina hesabu. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegraviri humeza 50 mg mara 1 kwa siku. Akigundulika na kifua kikuu na kuanzishiwa dawa zenye rifampisini, dozi hiyo haimtoshi tena, kwa sababu rifampisini hulifanya ini liivunje dolutegraviri upesi. Inabidi apewe 50 mg mara 2 kwa siku. Akinyamaza, atatibiwa kifua huku virusi vikipata nafasi ya kuzoea dawa. Kama hutaki shemeji aliyesimama pembeni ya kitanda asikie, mwambie muuguzi, "Naomba tuongee pembeni." Kukutunzia siri hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Dawa za kienyeji nazo zitajwe bila aibu. Hatuulizi ili kusema mtu. Mjamzito anayekunywa mizizi ya kuharakisha uchungu akiwa nyumbani, kisha akafika wodi ya wazazi na kunyamaza, anaweza kutundikiwa dripu ya oksitosini, ambayo nayo huongeza uchungu, juu ya dawa ambayo bado inafanya kazi. Mfuko wa uzazi unabana mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kwa mama mwenye kovu la upasuaji wa zamani mfuko unaweza kupasuka. Mkunga hawezi kuijua dawa hiyo kwa kumtazama mama. Ataona uchungu mkali tu, na uchungu mkali una sababu nyingi. Wanaoleta kikombe kwa siri chini ya kanga, mara nyingi mama mkwe au shangazi, wanataka mema, lakini kikombe hicho kinampa mkunga picha ya uongo.

Pombe ni vivyo hivyo. Anayekunywa kila siku, hata kama haleweki, aseme kiasi na siku aliyokunywa mwisho. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache, degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukafuata siku ya 2 hadi ya 4. Ndugu wakiona mtu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu anaongea na ukuta siku ya 3, wanaanza kutafuta aliyemroga na kuomba wamtoe wodini. Dawa za kuzuia hali hiyo zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa mapema.

Kuhusu mzio, usiishie kusema "penisilini inanikataa". Eleza ilikufanya nini: vipele, kuvimba midomo, kubanwa pumzi, kuzimia, au kuharisha tu. Kuharisha peke yake kwa kawaida si mzio, na ukiandikwa una mzio usiokuwa nao utanyimwa dawa nzuri maisha yako yote. Ila ukiwa uliwahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi, hilo lirudie kwa kila anayeshika sindano, hata kama faili tayari limeandikwa.

Tuje kwenye kitanda. Wodi zikijaa, wagonjwa wawili hulala mzungu wa nne, na hapo ndipo majina huanza kugongana. Baadhi ya wagonjwa hubadilishana vitanda kimyakimya: mmoja anataka dirishani, mwingine anakimbia feni, wa tatu ameogopa kwa kuwa aliyekuwa jirani yake amefariki. Tunaelewa. Lakini chati, vidonge na damu iliyoagizwa vinafuata nafasi uliyopewa, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyeingia kazini saa moja iliyopita hajui sura yako. Ukitaka kuhama, omba, uandikwe upya. Na muuguzi akija na sindano, taja jina lako kamili wewe mwenyewe, la kwanza hadi la ukoo. Akikuuliza "Wewe ndiye Mwajuma?" usiitikie tu, wodi moja inaweza kuwa na kina Mwajuma watatu, na mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Una haki ya kuuliza: hii ni dawa gani, ni ya nini? Anayekukasirikia kwa swali hilo ndiye mwenye kosa.

Kwenye kuongezewa damu hapo hatuna mzaha hata kidogo. Kabla chupa ya damu haijatundikwa, jina lililo kwenye chupa, kwenye fomu na mdomoni mwako lazima yafanane. Dakika 15 za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na muuguzi anatakiwa awe karibu. Ukihisi baridi ya ghafla, kiuno kuuma, kifua kubana au mwili kuwasha, sema papo hapo, usisubiri uone kama itapita. Chupa moja haitakiwi kuzidi saa 4 tangu ianze, kwa hiyo ndugu wasiipunguze kasi kwa kuona "inaingia haraka". Na ndugu wakiombwa kuchangia damu, wasitafute mtu wa kumlipa. Wachangie wenyewe, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Kufunga kabla ya upasuaji kunahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo uongo mdogo unapoua. Ukipewa dawa ya usingizi, koo hulegea. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu, nawe huwezi kukohoa. Kanuni ya kawaida kwa upasuaji wa kupangwa ni saa 6 bila chakula chepesi, saa 8 kama ni chakula cha mafuta kama chipsi, pilau au nyama, na saa 2 bila maji. Maziwa ya mama yanahesabiwa saa 4. Kwa hiyo ukipangiwa saa 2 asubuhi, tonge la mwisho la chakula chepesi ni kabla ya saa 8 usiku, mtoto ananyonya mwisho saa 10 alfajiri, na wewe unaweza kunywa maji matupu hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa mtaalamu wa usingizi amekupa maelekezo tofauti. Chai ya rangi inahesabiwa na maji. Chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani. Ukiwa umekula, sema. Utaahirishwa, utakasirika, ndugu waliotoka kijijini watakasirika, lakini utaishi. Upande wa pili, kuna wanaojifungisha tangu jana mchana kwa kuogopa. Hao nao wanafika wamekauka maji, na mshipa wa kuwekea kanula, kile kimrija kidogo cha kupitishia dripu, hauonekani.

Usiku huo huo toa rangi ya kucha, vua hereni, pete na meno ya bandia. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma mwanga unaopita kwenye kidole, na rangi ya kucha au piko nyeusi inaweza kukichanganya. Bibi harusi aliyepakwa piko wiki iliyopita asiogope, amwambie tu mtaalamu wa usingizi ili kifaa kiwekwe sehemu nyingine, kwa mfano kwenye ncha ya sikio.

Sasa vifaa vinavyokuzunguka kitandani. Tukiulizwa jambo moja tu tungependa ndugu waache kesho asubuhi, tungesema kile kigurudumu kidogo cha kwenye mrija wa dripu. Lita 1 iliyopangwa kuingia kwa saa 8, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa kila mililita, inahitaji kama matone 42 kwa dakika. Ndugu anaona matone yanachelewa, anafungua kigurudumu hadi mwisho, chupa inakwisha ndani ya saa moja, na anamshukuru Mungu. Kwa kijana mwenye kuhara anaweza asidhurike. Kwa mzee mwenye moyo uliochoka, mtoto mwenye utapiamlo mkali, au mama mwenye presha ya ujauzito, maji hayo yanakwenda mapafuni na anaanza kuhema. Chupa ikiwa imeongezwa potasiamu, kuiharakisha kunaweza kusimamisha moyo kabisa, na kwa macho chupa hiyo inafanana na nyingine zote. Dripu ikisimama, ikivimbisha mkono, damu ikirudi kwenye mrija au chupa ikikaribia kwisha, ita muuguzi. Mahali pa kanula pakiwa pekundu, pa moto au panauma, sema siku hiyo hiyo, usivumilie eti kwa sababu mshipa mwingine haupatikani. Ukienda kuoga, funika kanula kwa mfuko wa nailoni, usiiloweshe.

Oksijeni nayo ina kipimo. Mtoto mchanga huhitaji nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, na kwa mtoto njiti ikizidi inaweza kumharibia macho. Mtu mzima ambaye mapafu yake yamechakaa kwa sigara, au kwa miaka mingi ya moshi wa kuni jikoni, mara nyingi hulengwa kipimo cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 88 hadi 92. Anayemwongezea ili "apumue vizuri" anaweza kumfanya asinzie na asiamke. Na tafadhali, plagi ya mashine ya oksijeni haichomolewi ili kuchaji simu. Tunaandika hivi kwa sababu hutokea.

Mkojo ni kipimo. Figo zinazofanya kazi hutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa hiyo mtu wa kilo 60 tunategemea atoe si chini ya 30 ml kila saa. Ndugu mwenye nia njema anaona mfuko wa mpira wa mkojo umejaa, anafungua kizibo, anamwaga chooni na kuusuuza. Zamu inayofuata inakuta mfuko mtupu. Daktari akisoma sifuri anaweza kudhani figo zimesimama na kubadilisha matibabu yote. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, hupewa dozi inayofuata ikiwa tu mkojo wake umefika 30 ml kwa saa katika saa 4 zilizopita, pumzi zake hazijapungua 16 kwa dakika, na goti linaruka likigongwa. Mkojo ukimwagwa, dozi inasimama, na degedege halingoji. Ukilazimika kuumwaga, pima kwanza, andika kiasi na saa, kisha mwonyeshe muuguzi. Mfuko wenyewe ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, lakini usiguse sakafu. Wanaoutundika begani wakitembea wanarudisha mkojo ndani pamoja na vijidudu vyake.

Kanga ya mama aliyejifungua ni jambo la namna hiyo hiyo. Damu inapotoka, dada au mama mzazi anakunja kanga iliyoloa haraka, anaificha ndani ya ndoo na kutandika nyingine safi, kwa heshima ya mzazi. Mkunga akija anaona shuka safi. Mwonyesheni kila kitambaa kilicholoa kabla ya kukifua. Pedi nzito inayoloa yote kabla ya saa kwisha haisubiri raundi ya asubuhi, na inayoloa ndani ya dakika 5 ni ya kupiga kelele. Tukiwa hapo kwa wazazi: kukandwa kwa maji ya moto baada ya upasuaji kunaunguza ngozi iliyokufa ganzi karibu na mshono na kunaweza kuufungua. Waacheni wapone.

Chakula kutoka nyumbani ni baraka, hospitali nyingi zisingeweza bila hicho. Tatizo ni hotpoti kufika bila kuuliza. Mwenye kisukari akichomwa insulini ya kawaida, chakula kinatakiwa kimfikie ndani ya dakika 30 hivi. Ndugu akikwama kwenye daladala, sukari inashuka, mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anaropoka. Ndiyo maana muuguzi anauliza "Chakula chako kipo?" kabla ya kuchoma. Usijibu "kipo njiani". Ikitokea sukari imeshuka na mgonjwa bado anaweza kumeza, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji humpa kama gramu 15, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni.

Mgonjwa wa figo asiletewe ndizi mbivu, parachichi, machungwa wala maji ya dafu bila ruhusa. Vyakula hivyo vina potasiamu nyingi ambayo figo zake haziwezi kuitoa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyeanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75 hupewa kiasi kilichopimwa, takribani 130 ml kwa kilo kwa siku, kikigawanywa kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Kinaonekana kidogo, na bibi anaongeza uji kwa huruma. Mwili wa mtoto huyo bado hauwezi kubeba chakula kingi, na moyo wake unaweza kuzidiwa. Kuwaamsha watoto saa 9 usiku kwa maziwa si ukatili.

Kujitibia kitandani ni mazoea mengine. Chupa ya parasetamoli ya 1 g inayotundikwa ni sawa na vidonge 2 vya 500 mg, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha vidonge 8 kwa saa 24. Anayepewa chupa 4 kwa siku kisha akaongeza vyake vya kwenye pochi analiumiza ini lake bila kujua. Dawa ulizokuja nazo mpe muuguzi azihifadhi au azirudishe kwa ndugu. Ukitumwa kununua dawa nje, mwonyeshe muuguzi ulichonunua na risiti kabla hakijafunguliwa. Kama ni insulini au oksitosini, hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, basi ije ikiwa na barafu, isikae mfukoni mwa suruali kutwa nzima.

Kisha kuna wanaojisikia nafuu mapema. Malaria kali hutibiwa kwa sindano za atesuneti saa ya 0, ya 12 na ya 24. Aliyeanza saa 4 asubuhi anachomwa tena saa 4 usiku, na ya tatu saa 4 asubuhi inayofuata. Kwa wengi homa imeshatulia baada ya ya pili, na hapo ndipo maombi ya kuruhusiwa yanaanza. Atesuneti huua vimelea upesi lakini haikai mwilini, kwa hiyo baada ya sindano lazima umalize dozi nzima ya mseto: kwa mtu mzima vidonge 4 kwa mara, mara 6 ndani ya siku 3, mara ya pili ikiwa saa 8 baada ya ya kwanza, na kila mara pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Ukiishia njiani, malaria inarudi ndani ya wiki chache.

Huduma ambayo ndugu wanaweza kuitoa kuliko mtu yeyote ni kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa 2, ubavu, mgongo, ubavu. Vidonda vya kulalia huanza kwenye nyonga, matako na visigino, na ngozi nyekundu isiyobadilika ukiibonyeza ndiyo onyo la kwanza. Aliyepasuliwa naye akiambiwa ainuke kesho yake asibembelezwe abaki amelala. Damu huganda miguuni. Ila mara ya kwanza asisimame peke yake. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, na awepo mtu wa kumshika.

Wageni, kwa ufupi: saa zilizobandikwa zizingatiwe, mikono ioshwe kwa sabuni kuingia na kutoka, vitanda visikaliwe, watoto wadogo wabaki nyumbani. Ndoo za njano na nyekundu ni za taka zenye maambukizi, maganda ya machungwa yaende kwenye nyeusi. Na simu zisipige picha wodini. Unayemrusha kwenye hali yako ya WhatsApp hajui kama amerushwa, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Upande wa fedha, kosa kubwa ni kusubiri siku ya kuruhusiwa. Sera ya afya imetoa msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Wengine wasio na uwezo huonana na afisa ustawi wa jamii, ambaye anapatikana saa za kazi tu. Mwone siku ya kwanza au ya pili, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, wala si Jumamosi jioni ukiwa umeshafungasha. Lipa kwa namba ya malipo na ushike risiti. Anayetaka fedha mkononi aripotiwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa simu 113. Kadi ya bima usimwazime mdogo wako. Achilia mbali kwamba ni udanganyifu: vipimo vyake, mzio wake na magonjwa yake vitaandikwa kwenye rekodi zako, na siku utakayofikishwa huna fahamu, daktari atakutibu kama yeye.

Unaweza kukataa matibabu. Kataa kwa sauti na kwa saini, baada ya kuelezwa hatari zake, ili hata ukirudi kesho tujue tuanzie wapi. Anayetoroka usiku na kanula mkononi anaondoka na mlango uliofunguka kwenye mshipa wake.

Haya yote hayawezi kudaiwa kwa mtu ambaye hakuelezwa, na hapo lawama inarudi kwetu. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku hapati muda wa kukaa na kila ndugu, lakini bango la mapokezi haliwezi kuifanya kazi hiyo. Tunapendekeza kila wodi iwe na karatasi yake ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: ya wazazi izungumzie kanga na mkojo, ya upasuaji izungumzie kufunga, ya watoto maziwa na oksijeni. Muuguzi aisome na ndugu anayebaki siku ya kulazwa, na asiyejua kusoma asomewe. Dakika 10 zinatosha, na ni chache kuliko zinazotumika kumwokoa aliyefunguliwa dripu.

Ukiona haya hayafanyiki, au umetendewa vibaya, anza kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi, kisha piga 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure. Andika tarehe, saa, wodi, zamu na maneno yaliyosemwa. "Manesi wa huko ni wakali" haifanyiwi kazi. "Saa 3 usiku niliita mara tatu kanula ikiwa imevimba, hakuja mtu hadi alfajiri" inafanyiwa.

Wauguzi na wakunga wa wodi,
Morogoro